Kisa cha kadi 350: fonti ya mwandiko kwenye mwaliko wa harusi

Majina, tarehe, ukumbi na kiwanda vimeondolewa. Vipimo na bei vimebaki, maana ndimo somo lilimo.

Usuli

Kamati ya harusi ya familia moja ya Dar es Salaam iliagiza kadi 350 za mwaliko wa tafrija kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji Kariakoo. Kadi 200 zilikuwa za watu wawili, 150 za mtu mmoja; jumla wageni 550. Kadi yenyewe ilikuwa bapa, milimita 140 kwa 200, ya kuchapwa upande mmoja, pamoja na bahasha. Bei ilikuwa Sh 2,800 kwa kila moja, yaani Sh 980,000 kwa kazi nzima. Kabla ya hapo mbunifu wa kadi hiyo alikuwa ameitengenezea kamati kadi ya mchango ya kutumwa kwa WhatsApp.

Bibi harusi alikuja na picha kwenye simu: majina mawili yaliyoandikwa kwa fonti ya mwandiko wa kalamu, herufi zimeshikana mikono, herufi kubwa zina mikia inayozunguka na kurudi chini ya jina. Ombi lake lilikuwa moja na lilieleweka: kadi nzima iwe hivyo. Akaongeza kwamba majina ya wageni yasiandikwe kwa kalamu ya wino juu ya vidoti, bali yachapwe kwa mwandiko uleule.

Ili kisa kieleweke, fonti za aina hii zinahitaji maelezo kidogo. Nyingi zimezaliwa na mwandiko wa walimu wa kuandika wa Uingereza wa karne ya 17 na 18. Baadaye mwandiko huo uliandikwa kwa kalamu ya ncha kali inayotanuka ikikandamizwa: mkono ukishuka unapata mstari mnene, ukipanda unapata mstari mwembamba kama unywele. Herufi hulala kiasi cha digrii 55 kutoka mstari wa msingi. Snell Roundhand, aliyoichora Matthew Carter miaka ya 1960, imetoka huko. Bickham Script ya Richard Lipton, ya mwaka 1997, vilevile. Zapfino ya Hermann Zapf, iliyotoka 1998, ni ya ukoo mwingine; ilitokana na mwandiko wake mwenyewe, na ndiyo maana mikia yake inakwenda mbali kuliko ya wenzake. Great Vibes ya Robert Leuschke, inayopatikana bure kwa leseni huria, ndiyo ambayo msomaji wa kadi za Dar es Salaam atakuwa ameiona mara nyingi hata kama hajui jina lake.

Jambo moja la historia lina uzito katika kisa hiki kuliko majina hayo. Miandiko ile ilisambazwa kwa kuchongwa kwenye bamba za shaba. Wino ulikaa ndani ya mfereji uliochongwa, ukahamia kwenye karatasi kama mstari mzima usiokatika. Unywele mwembamba sana uliweza kuchapika kwa sababu mashine ilikuwa ya kuuchapa unywele. Mashine ya dijitali ya unga (toner) iliyoko kiwandani haikuundwa kwa kazi hiyo.

Kadi ya mchango, siku 60 kabla

Mbunifu alipakua fonti kwenye tovuti ya fonti za bure. Faili lilikuja na maelezo kwamba ni kwa matumizi binafsi tu. Matoleo ya namna hiyo mara nyingi huwa yamepunguzwa: herufi zipo, lakini baadhi ya alama, tarakimu au herufi mbadala zimebakizwa kwenye toleo la kulipia. Hili lilikuwa na tarakimu, ila halikuwa na ritifaa. Na jina la ukoo la bwana harusi linaanza na Ng'.

Programu ikikosa alama kwenye fonti huiazima kwenye fonti nyingine, kimyakimya. Hapa iliazima kijiti kilichosimama wima, kikachomekwa katikati ya herufi zilizolala, na mshikano kati ya g na herufi inayofuata ukakatika. Kwenye skrini kubwa, kazi ikiwa imepunguzwa ionekane yote kwa pamoja, hakuna aliyeligundua hilo. Aliyeligundua ni baba wa bwana harusi, aliyekuwa akiliandika jina hilo maisha yake yote.

Kosa la pili liligusa fedha. Kadi nzima iliandikwa kwa mwandiko, ikiwemo namba ya simu ya kupokelea michango. Tarakimu za fonti za mwandiko huchorwa zifanane na herufi: 1 huwa na mkwaju wa kupandia mbele, 7 huwa na kichwa kilichopinda, na zote mbili zimelala. Namba hiyo ilikuwa na 1 tatu na 7 mbili. Katika siku mbili za kwanza mweka hazina alipokea simu nyingi za kuuliza kitu kilekile.

"Mwanangu, hapa ni moja au ni saba?"

"Shikamoo shangazi. Hiyo ya tatu ni moja, inayofuata ndiyo saba."

Fedha haikupotea, kwa kuwa huduma za kutuma pesa kwa simu huonyesha jina la mpokeaji kabla mtu hajathibitisha, na waliokosea walikuta jina wasilolijua wakasita. Lakini wapo waliosita na hawakurudi tena hadi walipokumbushwa. Kadi ilitengenezwa upya, namba ikawekwa kwa herufi za kawaida zilizosimama, nene, imegawanywa kwa makundi ya tarakimu tatutatu. Simu za kuuliza zikakoma.

Kamati ililichukulia jambo hili kuwa kasoro ya namba tu. Mbunifu pia. Hakuna aliyesema kwamba ugonjwa uleule unaisubiri kadi ya kuchapwa.

Chapa ya kwanza, siku 33 kabla

Mpangilio wa kadi ya mwaliko ulikuwa huu: majina ya maharusi pointi 36, maneno ya mwaliko na majina ya wazazi pointi 14, siku, saa na ukumbi pointi 14, jina la mgeni pointi 22, kila kitu kwa mwandiko. Rangi ilikuwa dhahabu. Karatasi ilikuwa gramu 300, yenye mng'ao wa lulu na vinundu. Sampuli ilitumwa kwa mwenyekiti wa kamati kama picha ya WhatsApp; akaikubali akiwa kazini, kwenye simu. Haikuchapwa hata kadi moja ya majaribio.

Kwenye karatasi ya milimita 320 kwa 450 ziliingia kadi nne. Zilipotoka karatasi 30, yaani kadi 120, mkataji alizipeleka mlangoni penye mwanga wa jua, akaomba mashine isimamishwe.

Mikwaju minene ilikuwa imetoka vizuri. Nywele zilikuwa zimekatikakatika, mahali pengine zimepotea kabisa, hivi kwamba neno zima lilionekana kama safu ya vipande vilivyolala bila kuungana. Maneno ya mwaliko hayakusomeka isipokuwa kwa anayeyajua tayari.

Sababu zilikuwa tatu, zimelaliana.

Unene wa unywele. Mbunifu alipoupima ndani ya programu alikuta ni sehemu 1 ya 60 ya ukubwa wa fonti. Kwa pointi 14 hiyo ni pointi 0.23, takriban milimita 0.08. Kwa pointi 36 ni pointi 0.6, karibu milimita 0.21. Mstari wa milimita 0.08 unaweza kupita kwenye karatasi laini kwa rangi moja iliyokolea. Hapa hakukuwa na karatasi laini wala rangi iliyokolea.

Rangi. Dhahabu ya mashine ya dijitali ya rangi nne si dhahabu. Ni mchanganyiko wa njano, waridi iliyokolea kidogo na chembe za nyeusi, kila moja ikichapwa kwa vidoti. Mkwaju mnene una nafasi ya kubeba vidoti vingi na jicho linauona kuwa mzima. Unywele ni mwembamba kuliko umbali kati ya kidoti na kidoti, kwa hiyo unabaki na meno kama msumeno, au haubaki.

Karatasi. Unga wa mashine unakaa juu ya vinundu na kuruka mabonde. Uso wa lulu nao haushiki unga vizuri. Kidole kilipopita, nywele chache zilizobaki zilitoka.

Majina ya wageni

Wakati mashine imesimama, iligunduliwa pia kwamba orodha ya wageni iliyotoka kwa kamati, safu 350 za Excel, ilikuwa yote kwa herufi kubwa. Herufi kubwa ya mwandiko imechorwa isimame peke yake mbele ya herufi ndogo, kama imamu mbele ya safu. Kila moja ina mkia na kitanzi chake. Ukiziweka kumi mfululizo, mikia inapandana na jina linageuka fundo la kamba. Katika kadi 120 zilizochapwa, hakuna jina la mgeni lililoweza kusomwa na mtu wa mlangoni kwa haraka.

Orodha ilipogeuzwa kwa fomula ya PROPER, ambayo hufanya herufi ya kwanza ya kila neno kuwa kubwa na nyingine ndogo, likatokea jingine. Fomula hiyo huhesabu chochote kisicho herufi kuwa mwanzo wa neno jipya, na ritifaa si herufi. NG'WANA ikawa Ng'Wana. Majina tisa yaliharibika hivyo. Zaidi ya hayo, walioandika orodha kwa simu walikuwa wametumia alama tatu tofauti kwa ritifaa: kijiti kilichonyooka, mkia uliopinda, na ile alama iliyolala kinyume inayokaa pembeni ya kibodi. Alama hii ya tatu haihusiani kabisa na ng'.

Maamuzi na sababu zake

Kikao kilifanyika siku 31 kabla ya harusi, kiwandani, kadi zilizoharibika zikiwa mezani. Kulikuwa na mapendekezo matatu.

La kwanza lilikuwa kunenepesha fonti kwa kubonyeza kitufe cha herufi nene. Lilikataliwa baada ya jaribio la dakika tano. Fonti nyingi za mwandiko zina uzito mmoja tu. Programu ikilazimishwa kunenepesha, huongeza unene sawa pande zote. Unywele unapona kidogo, lakini matundu ya a, e na o yanazibika, na ile tofauti ya nene na nyembamba, ambayo ndiyo uzuri wote wa mwandiko huu, inafifia.

La pili lilikuwa kuacha mwandiko kabisa. Bibi harusi alikataa, na alikuwa na haki. Majina mawili kwa mwandiko huu hufanya kitu ambacho herufi za kawaida haziwezi: yanafanya kadi ionekane imeandikwa na mkono wa mtu kwa ajili ya mtu.

La tatu ndilo lililopita: mwandiko ubaki kwenye majina ya maharusi peke yake, makubwa zaidi, kwa foili ya dhahabu (utepe mwembamba unaobandikwa kwa joto), mengine yote yaende kwa herufi za kawaida. Maamuzi madogo yaliyofuata humo ndiyo yaliyookoa kazi.

Fonti ilibadilishwa kuwa Great Vibes. Sababu ya kwanza ni leseni. Harusi ni jambo binafsi, lakini kiwanda kinachouza kadi kinafanya biashara, na leseni ya matumizi binafsi haikifuniki. Sababu ya pili ni ritifaa: imo, imechorwa na mkono uleule uliochora herufi.

Herufi za kawaida zilizochaguliwa ni Libre Baskerville, pointi 10.5 kwa maneno na pointi 13 kwa jina la mgeni. Uchaguzi huo una mantiki. John Baskerville, ambaye herufi hizi zinafuata kazi yake, alikuwa mwalimu wa mwandiko kabla hajawa mchapaji, na unene na wembamba wa herufi zake una uhusiano na kalamu ileile. Zikikaa chini ya mwandiko hazigombani nao.

Karatasi ikawa gramu 300 laini, nyeupe ya maziwa, bila mng'ao. Maneno yakawa ya rangi moja, nyeusi kamili bila kuchanganywa, ili kusiwe na vidoti.

Majina yakapandishwa hadi pointi 48. Kadi ina upana wa milimita 140. Ukitoa pambizo ya milimita 12 kila upande inabaki 116, na jina refu zaidi liliingia. Kisha unywele ukaongezewa mstari wa pembeni wa pointi 0.2, rangi ileile, kwenye majina hayo tu. Kipimo hicho kidogo hakifanani na kitufe cha herufi nene: kinaongeza tu kile ambacho foili ingekula, na kwa ukubwa wa pointi 48 matundu ya a na e yana nafasi ya kutosha kukipokea.

Utaratibu ulipangwa hivi: chapa ya dijitali kwanza, foili baadaye. Ukigeuza, joto la mashine ya dijitali linaweza kuilainisha foili iliyokwisha kushika. Na kwa kuwa mashine ya foili ya mkono inaweza kusogea milimita moja huku na huku, maneno yaliyo karibu na majina yalipewa umbali wa milimita 5.

Bloku mbili

Foili ya dhahabu hupigwa kwa bloku ya chuma iliyochongwa jina, ikapashwa moto na kukandamizwa juu ya utepe wa foili. Bloku ya kwanza, iliyogharimu Sh 90,000, ilikuja na matundu meupe kila mahali herufi inaposhikana na jirani yake.

Kisababishi ni kidogo na hurudia viwanda vingi. Kwenye fonti ya mwandiko, mshikano ni udanganyifu wa macho: mkia wa herufi moja umelazwa juu ya mwanzo wa inayofuata. Maandishi yakigeuzwa kuwa mchoro, herufi zinabaki vipande vinavyopandana. Kwenye CorelDRAW mbunifu alitumia amri ya Combine. Amri hiyo hutoboa kila mahali vipande viwili vinapopandana. Iliyotakiwa ni Weld, inayoyeyusha vipande vyote kuwa umbo moja. Kosa hili linaonekana kwenye skrini ukikuza. Halionekani ukiangalia kadi nzima.

Bloku ya pili ilitoka safi. Ilipigwa kadi 15 za majaribio kabla ya kazi. Hapo joto lilikuwa suala: likipungua, unywele haushiki na unabaki kijivu, likizidi, foili inayeyukia ndani ya vitanzi na kuvifunga. Fundi alianza chini akapandisha kidogokidogo hadi unywele wa mwisho wa jina uliposhika, akasimama hapo.

Matokeo

Kadi 350 zilikabidhiwa siku 21 kabla ya harusi. Kamati iliongeza Sh 195,000: bloku moja Sh 90,000 na kupiga foili Sh 300 kwa kadi, yaani Sh 105,000. Jumla ikawa Sh 1,175,000. Karatasi 30 zilizoharibika na bloku ya kwanza vilibebwa na kiwanda. Huo ni mgawanyo wa haki kwa sehemu tu: sampuli ya kwanza ilikubaliwa na mwenyekiti, lakini aliyejua kwamba simu haiwezi kuonyesha chapa ni kiwanda, si mwenyekiti.

Mlangoni majina yalisomeka, na maneno "watu wawili" au "mtu mmoja" yaliyokaa kwenye pembe ya juu kwa herufi za kawaida hayakuzua ubishi. Kadi kama 40 za mwisho zilitoka na kitanzi cha herufi moja kimejaa, kwa sababu bloku ilizidi kupata moto kadiri kazi ilivyoendelea na hakuna aliyepunguza. Zilipelekwa kwa ndugu wa karibu.

Picha ya WhatsApp ya mwaliko, iliyotengenezwa kwa wageni wa mikoani, ilibaki dhaifu. Ilitumwa kama picha, ikabanwa, na nywele za majina zikapauka juu ya mandhari ya rangi ya krimu. Ingetumwa kama faili la hati isingebanwa.

Uchambuzi

Makosa mengi hapa yana jina moja: fonti ilichaguliwa kwa sampuli ya maneno ya watu wengine. Picha aliyokuja nayo bibi harusi ilikuwa na majina mawili ya kigeni, mafupi, yenye l, h, d na y, herufi zinazopanda juu na kushuka chini na kulipa jicho mahali pa kushika. Kiswahili kina mwili tofauti. Maneno yetu yamejaa m, n, u, w na i, na kwenye mwandiko wa kulala herufi zote hizo zimejengwa kwa fito zilezile fupi zilizopangwa sambamba. Andika "mwaminifu", "mumewe" au "umuhimu" kwa mwandiko kisha uhesabu fito: zinafuatana kama uzio wa mianzi, na kitu pekee kinachotenganisha n na u ni mahali unywele unapounganisha, juu au chini. Unywele ukipotea kwenye chapa, n na u zinakuwa kitu kimoja. Ndiyo maana maneno ya mwaliko yalikufa kabla ya majina. Msomaji hakushindwa kwa sababu ya uzee wa macho, kama ilivyodaiwa kikaoni. Alinyimwa alama yenyewe inayotofautisha herufi.

Kwa hiyo jaribio la fonti ya mwandiko kwa kazi ya Kiswahili lifanywe kwa maneno mabaya kuliko yote yaliyomo kwenye kazi. Majina kamili ya maharusi. Neno lenye fito nyingi. Ng' kwa herufi kubwa na ndogo. Jumamosi, Jumapili na Ijumaa, kwa sababu J na I kubwa kwenye fonti nyingi za aina hii ni mapacha, na mtu akikosea siku atakuta ukumbi umefungwa. Tarakimu zote kumi, hasa 1 na 7, iwapo kuna mtu bado anataka kuziweka kwa mwandiko. Jaribio lichapwe kwa ukubwa halisi, kwenye karatasi halisi, kwa mashine halisi. Karatasi moja tu ingetosha kuokoa karatasi 30.

Mwangalizi wa pwani atakumbuka kwamba herufi zinazoshikana si jambo geni kwetu. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya hizi, na herufi hizo hubadilika umbo kulingana na kukaa mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno. Fonti nzuri ya mwandiko hufanya vivyo hivyo: ina umbo mbadala la herufi kwa kila nafasi, na programu huchagua yenyewe kama kipengele hicho kimewashwa. Fonti iliyopunguzwa haina maumbo hayo, na hapo ndipo s mbili mfululizo zinapofanana kama mihuri na mkono wa mtu unatoweka. Kanga nayo imechagua njia nyingine kabisa: jina lake huandikwa kwa herufi kubwa zilizonyooka, kwa sababu limekusudiwa kusomwa na jirani aliye upande wa pili wa uchochoro. Kadi ya harusi inahitaji vyote viwili, na uamuzi wa kikao ulitenganisha kazi hizo mbili ipasavyo. Kinachotazamwa kilipewa mwandiko. Kinachofanyiwa kazi, yaani siku, saa, ukumbi, namba na jina la mgeni, kilipewa herufi za kawaida.

Baadhi ya mambo yalifanywa sawa tangu mwanzo na yasipite bila kutajwa. Mbunifu hakupanua nafasi kati ya herufi hata mara moja. Wengi hufanya hivyo ili jina fupi lijaze upana wa kadi, na kila mshikano hukatika. Pia hakupanga maandishi yajae pambizo zote mbili, jambo ambalo katika programu nyingine hunyoosha nafasi za herufi bila kuuliza. Aliweka jina moja juu ya jingine kwa umbali wa mara 1.3 ya ukubwa wa fonti, na mkia wa j kwenye jina la juu ulipogonga kichwa cha k kwenye jina la chini, alilisogeza jina la chini kulia milimita 6 badala ya kuongeza umbali, na majina yakaonekana yamekaa kwa makusudi. Hilo ni jicho zuri.

Kilichoshindikana zaidi, kwa maoni yetu, ni kuidhinisha kwa simu. Skrini ya simu inang'aa, inakuzwa kwa vidole viwili, na haina vinundu wala vidoti. Mwenyekiti aliona nywele zote kwa sababu skrini ilikuwa nazo. Mkataji alikuwa wa kwanza kuona kadi yenyewe, na hakuwa na wajibu wowote wa kuikagua. Utaratibu unaofaa ni kadi moja iliyochapwa ifike mikononi mwa kamati, isomwe na mtu mzima wa familia ambaye hakuhusika na maandalizi, kwenye mwanga wa taa ya sebuleni, naye aisome kwa sauti. Akikwama mahali, hapo pana kasoro, hata kama wengine wote wanapaona.

Kuna kazi moja iliyobaki nje ya kadi. Mpambaji wa ukumbi aliomba faili la majina ili ayakate kwa ubao wa plastiki na kuyatundika nyuma ya meza ya maharusi, upana wa mita 2.3, karibu mara 20 ya majina yalivyo kwenye kadi. Unywele wa kadi, ukiwa na nyongeza yake, ulikuwa kama milimita 0.35, ukikuzwa mara 20 unakuwa milimita 7. Kwa macho ni mnene wa kutosha. Kwa ubao unaoning'inia kwa kamba mbili ni mahali pa kuvunjikia, na mkia wa herufi ya kwanza ulivunjika wakati wa kuupandisha. Mpambaji aliushika kwa gundi na kuufunika kwa ua. Faili la kukatwa linahitaji toleo lake: nywele zinenepeshwe hadi milimita 12 au zaidi, mikia mirefu ifupishwe, na nukta ya i iunganishwe na mwili wake au itundikwe peke yake, kwa sababu hakuna kitu kinachoishika.